Ile karatasi ya bwana: historia ya saini moja yenye ilifungia wamama mlango wa kazi



Mimi si mwanasheria, niko muagronomu. Mambo yangu ni udongo, mbegu na magonjwa ya mihogo. Lakini leo nitaandika juu ya karatasi moja, juu hiyo karatasi ilipita mu mikono yangu, mbele yangu ilipita mu mikono ya mama yangu, na mwaka huu nimeikuta tena mu mikono ya dada mmoja mdogo kuliko mimi. Kitu chenye kinapita kwa watu watatu hivi kiko na historia, na nilitaka kuijua.

Miaka tatu iliyopita nilipata kazi yangu ya kwanza ya kontra. Ilikuwa shirika moja la kilimo, jina lake halina maana hapa. Kazi ilikuwa kufuata mashamba ya majaribio ya mihogo yenye kuvumilia mozaiki, mu vijiji vya Kabare na Walungu. Siku ya kupeleka dosie walinipa orodha: fotokopi ya diploma, cheti cha daktari, cheti cha mwenendo mwema, picha mbili. Chini kabisa kulikuwa mstari huu: kwa wanawake walioolewa, otorizasyo maritali. Maana yake ni barua ya bwana yenye kusema anakubali bibi yake afanye kazi.

Tulikuwa wanne wenye walikubaliwa siku ile, wanaume watatu na mimi. Mmoja wao alikuwa na bibi na watoto wawili. Yeye hakuombwa kitu kwa bibi yake.

Nilirudi nyumbani, nikamueleza bwana yangu. Akacheka. "Nitie saini ya nini? Unaenda kupanda mihogo ao kupanda ndege?" Akaandika mistari tatu, akatia saini kwenye meza ya chakula, akarudilia kula. Kesho yake nilipeleka karatasi, nikaanza kazi. Nitasema ukweli: sikukasirika. Nilifurahi. Nilijiambia niko na bahati, niko na bwana muzuri. Ni nyuma ya miezi mingi njo nilianza kujiuliza: kama kazi yangu ilitegemea uzuri wa bwana, ile diploma ya miaka mitano ilikuwa ya nini?

Mama yangu njo alifungua hiyo hadithi. Aliona fotokopi kati ya vitabu vyangu, akaishika, akasema polepole: "Kumbe bado wanaombaka ile?" Halafu akanielezea mambo yenye hakuwaka ananielezea. Nitayarudilia. Kwanza tutoke mbali kidogo.

Saini ilizaliwa wapi

Wengi kati yetu wanasema kwamba mwanamke kuomba ruhusa kwa bwana ni "desturi ya kwetu". Ata mimi niliamini hivyo. Lakini ukifuata hiyo karatasi nyuma, mwaka kwa mwaka, haikupeleki kwa babu wa kijijini. Inakupeleka Paris, mwaka 1804, kwenye kitabu cha sheria za kiraia chenye Napoleon alitoa. Ile kitabu kilisema bibi anapaswa kumtii bwana yake, na bila ruhusa ya bwana hawezi kusimama mbele ya tribinali, kuuza ao kununua mali. Ubelgiji ilikuwa chini ya Ufaransa wakati ule, ikaibeba sheria hiyo. Wabelgiji walipokuja kwetu, wakaja nayo mu masanduku yao, wakaandika sheria za kiraia za Kongo kwa mfano ule ule.

Sisemi kama desturi zetu zilikuwa safi. Hapa Bushi, shamba lilipatikana kwa kalinzi: unapeleka ng'ombe kwa mwami ao kwa mkubwa wa kijiji, unapewa udongo. Kalinzi ilitolewa kwa mwanaume. Mwanamke alilima udongo wenye alipata kwa njia ya bwana ao ya mtoto mwanaume. Hilo lilikuwa zito, na bado liko. Lakini desturi haikukuwa na formulaire. Bibi aliuza mahindi na maharagi yake soko bila kubeba barua. Karatasi yenye saini, yenye unaweka mu dosie na bila hiyo biro inafungwa, ile ilikuja na biro yenyewe.

Na sikilizeni hii. Ubelgiji iliondoa mamlaka ya bwana juu ya bibi yake kwa sheria ya tarehe 30 mwezi wa 4, mwaka 1958. Ufaransa nayo, mwaka 1965, ilimruhusu mwanamke mwenye kuolewa kufanya kazi na kufungua konti ya banki bila kuuliza bwana. Kwetu, uhuru ulikuja mwaka 1960. Wenye nyumba walishatupa kiti kibovu inje, sisi tukakiokota, tukakirudisha mu salo, na leo tunawaambia watoto kama kiti hicho ni cha babu.

Shule ya kushona

Sheria peke yake haielezi kila kitu. Kulikuwa pia shule. Wakoloni walihitaji wanaume wa kuandika mu biro, wa kusaidia daktari, wa kuendesha mashini. Basi watoto wanaume walipata shule kidogo. Kwa watoto wanawake, mashule mingi ya misyoni yalifundisha kusoma kidogo, dini, kushona, kupika na kulea. Kuanzia miaka ya 1930, mu miji kulifunguliwa zile fwaye sosyali, ambapo mabibi wa wafanyakazi walifundishwa kushona, kupiga pasi na kupanga nyumba. Kule Katanga, Union Minière iliacha wafanyakazi wake wakae na mabibi mu kambi, na chakula cha kampuni kilitoka kwa hesabu ya bwana: yeye, bibi yake, watoto wake. Mwanamke wa mjini alijulikana kama bibi ya fulani. Ata posho yake ilipita kwa jina la mwanaume.

Mu kilimo, fasi yenye mimi naijua vizuri, mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Kuanzia mwaka 1917 serikali ya kikoloni ililazimisha vijiji kulima mazao yenye yeye ilitaka, pamba ikiwa ya kwanza. Baadaye ilifika ata siku 60 kwa mwaka. Lazima hiyo iliandikwa kwa jina la mwanaume, lakini nani alikuwa anapalilia? Nani alikuwa anavuna? Kazi mingi iliangukia bibi, juu ya shamba lake la chakula lenye halikupungua. Halafu monitere wa kilimo, mwenye alikuja kufundisha kupanda kwa mistari, alikuwa mwanaume, na alifundisha wanaume. Mwaka 1933 walianzisha INEAC, na kituo chake cha Yangambi kikawa kati ya vituo vikubwa vya utafiti wa kilimo mu Afrika. Mbegu nzuri zilitoka kule. Lakini masomo ya kuzitumia yalipita kando ya mtu mwenye alishika jembe.

Ninasema hii juu mimi mwenyewe, leo, nikifika kijijini, wazee wanasalimia kwanza shofere wangu. Wanafikiri yeye njo ingenieri.

Mwanamke mmoja mbele ya wote

Siku ya uhuru, Kongo ilikuwa na watu wachache sana wenye diploma ya iniversite, unaweza kuwahesabu mu oditwari moja ndogo. Kati yao hakukuwa mwanamke ata mmoja. Na mu uchaguzi wa mwezi wa 5 mwaka 1960, ule wenye ulitupatia bunge la kwanza, wanawake hawakupiga kura. Wengi hawajui hiyo. Tunaimba uhuru wa wote, lakini nusu ya watu ilikaa inje ya foleni.

Hapo njo anaingia Sophie Kanza. Alizaliwa mwaka 1940. Alitoka mu familia yenye ilipenda shule: kaka yake Thomas Kanza alisoma iniversite ya Louvain, kule Ubelgiji, wakati Wakongomani wenye walifanya hivyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Sophie alimaliza lisansi ya sosiolojia pa Lovanium mwaka 1964, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata diploma ya iniversite. Miaka mbili tu nyuma, mwaka 1966, akawa waziri wa mambo ya jamii, mwanamke wa kwanza mu serikali yetu. Alikuwa na miaka 26. Wenzangu wenye mko na miaka 26 na bado mnatafuta staji, fikirini kidogo.

Mwaka 1967 katiba mpya iliwapa wanawake haki ya kupiga kura. Ni vizuri. Lakini mwaka huo huo Kode ya kazi ilitoka nayo, na ndani yake iliandikwa kwamba mwanamke mwenye kuolewa anaweza kuingia kazi, isipokuwa bwana yake akipinga waziwazi. Yaani serikali yenye ilikuwa na mwanamke waziri ilimwambia mwanamke wa kawaida: unaweza kuchagua presida wa nchi, lakini kazi yako mwenyewe, muulize bwana.

Halafu ikaja sheria ya wafanyakazi wa serikali, tarehe 17 mwezi wa 7, mwaka 1981. Hiyo haikungojea bwana apinge. Iliomba ruhusa yake kwa maandishi mu dosie ya mwanamke mwenye kuolewa. Sheria hiyo hiyo ilisema mwanamke mwenye alipata likizo ya kuzaa hana haki ya likizo ya kupumzika mu mwaka ule. Kana kwamba kuzaa ni kwenda kupumzika ku pwani! Wenye mna mama wenye walifundisha mu shule za serikali, waulizeni. Wanaikumbuka.

Kifungu 448

Tarehe 17 mwezi wa 10, mwaka 1986, Zaire ilikubali mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi wowote juu ya wanawake. Miezi kumi hivi nyuma, tarehe 1 mwezi wa 8, mwaka 1987, ikatoa Kode ya familia. Kode hiyo ilikuwa kazi kubwa, na ilileta mambo mazuri, kama haki ya bibi na watoto wote ku urizi. Lakini kifungu 444 kilisema bwana ni mkubwa wa nyumba na bibi anapaswa kumtii. Kifungu 448 kikasema bibi lazima apate ruhusa ya bwana kwa kila kitendo cha kisheria chenye kinamfunga kufanya kazi yeye mwenyewe. Kontra ya kazi ni kitendo cha namna hiyo. Kifungu 450 kikaongeza kushitaki, kununua na kuuza. Na bwana mwenye alishatoa ruhusa aliweza kuirudisha wakati wowote.

Ukisoma kifungu 215, fasi wanapanga watu wenye hawana uwezo kamili mbele ya sheria, unakuta watoto, unakuta wagonjwa wa akili, na chini yake wanakumbusha kwamba uwezo wa mwanamke mwenye kuolewa uko na mipaka. Mwanamke asiyeolewa wa miaka 18 alikuwa mtu mzima kamili. Siku ya ndoa, mbele ya afisa wa serikali, alipungua. Bwana wake, kwa saini ile ile, hakupungua kitu.

Wenye kutetea sheria walisema: kama bwana anakataa, bibi anaweza kwenda ku tribinali ya amani, juji atampa ruhusa. Ni kweli iliandikwa. Lakini fikirini mwanamke wa Mwenga ao wa Shabunda, mwenye atatembea siku ngapi kumfikia juji, kumwambia "bwana yangu ananikatalia kazi", halafu jioni arudi kulala mu nyumba ya bwana yule yule. Mlango ulikuwa, lakini ulikuwa juu ya ukuta.

Sasa nirudi kwa mama. Mu miaka ya 1990 alikuwa mwalimu, na mushahara wa serikali ulikuwa umeshakufa, wazazi njo walikuwa wanalipa. Mradi mmoja ulitafuta mwanamke wa kufundisha wamama kilimo cha mboga na chakula cha watoto. Alijaribu mtihani, akashinda, akawa wa kwanza. Wakampa makaratasi ya kujaza, na ndani yake ile ya bwana. Akaipeleka kwa baba.

Baba hakukataa. Niliuliza mara mbili, mama akanijibu mara mbili: hakukataa. Alisema tu, "Tutaona." Akaiweka chini ya redio. Wiki ya kwanza alisema anafikiri. Wiki ya pili akauliza nani atabaki na watoto wakati mama atalala kijijini. Wiki ya tatu ndugu zake wakaja, wakazungumza. Nyuma ya mwezi mama alienda ku mradi kuomba wangojee kidogo, akakuta fasi ishapewa mwingine. Wakamwambia kwa upole: "Mama, tulikungojea." Akarudi shule. Alifundisha miaka ishirini ingine.

Baba yangu si mtu mubaya. Njo yeye alinilipia masomo mpaka lisansi, akauza ata ng'ombe. Nilipomuuliza juu ya karatasi ile, alikaa kimya muda mrefu, akasema: "Sikujua kama walikuwa na tarehe ya mwisho." Ninamuamini. Na hapo njo nilielewa kazi ya kifungu 448. Watu wanafikiri iliumiza wanawake wenye mabwana wakali. Iliumiza zaidi wenye mabwana wa kawaida, wenye wanasema "tutaona". Juu sheria haikuhitaji bwana akatae. Ilitosha asifanye kitu.

Vita ikapindua nyumba, sheria ikabaki

Toka mwaka 1996 mpaka 2003, na nyuma yake, mnajua yenye ilipita hapa kwetu. Kazi za biro zilianguka, mashamba ya chai na kahawa yakaachwa, wanaume wengi wakauawa, wakakimbia ao wakakaa nyumbani bila mushahara. Nani alilisha Bukavu? Wamama wenye walibeba magunia ku Kadutu, wenye walivuka Ruzizi na samaki na unga, wenye walipanda mboga ku kila kipande cha udongo. Tulisoma kwa pesa ya wamama. Katika nyumba nyingi mkubwa wa nyumba kwa sheria alikuwa mwingine, na mwenye kulipa minerval alikuwa mwingine.

Lakini mama yule, akitaka kontra ao kredi ya banki, bado alirudi kuomba saini kwa mtu mwenye yeye njo anamlisha.

Sheria ilianza kusonga polepole. Kode mpya ya kazi, ya tarehe 16 mwezi wa 10, mwaka 2002, haikurudilia kile kifungu cha bwana kupinga. Tena ilikataza kumbagua mwanamke kazini juu ya uzazi, na kumuomba mwenye kutafuta kazi cheti cha mimba. Wiki 14 za likizo ya kuzaa ziko mule ndani. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2, mwaka 2006, ilisema mu kifungu 14 kwamba serikali inapaswa kuondoa ubaguzi wote juu ya wanawake, na mu kifungu 36 kwamba mtu asiumizwe kazini juu ya jinsia yake. Mwaka 2015 ikafuata sheria ya usawa wa wanaume na wanawake.

Lakini kifungu 448 kilikuwa bado hai. Kwa hiyo kati ya 2002 na 2016 tulikuwa na sheria mbili zenye kupigana: Kode ya kazi ilikuwa imenyamaza juu ya bwana, Kode ya familia ilikuwa bado inamuita. Ukiwa shefu wa biro, mwenye hataki matatizo, utafuata ipi? Utafuata ile yenye kuomba karatasi zaidi. Karatasi haimfukuzishi mtu kazi.

Mwisho ulikuja tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 2016. Sheria nambari 16/008 ilibadilisha Kode ya familia. Siku ile ile, sheria mpya ya wafanyakazi wa serikali ilichukua fasi ya ile ya 1981. Kifungu 448 cha leo kinasema wenye kuoana, wote wawili, wanapaswa kusikilizana kwa vitendo vya kisheria vyenye vinawafunga, na wasiposikilizana, mwenye kuumizwa anaenda ku tribinali ya amani. Someni vizuri: wote wawili. Bwana akichukua kazi ya kulala mwezi mzima ku machimbo ya Kamituga, naye anapaswa kusikilizana na bibi. Kifungu 444 bado kinasema bwana ni mkubwa wa nyumba, lakini neno la kumtii limetoka.

Leo nchi imeona mwanamke presida wa Bunge la taifa, imeona mwanamke gavana wa Banki kuu, na toka mwaka 2024 imeona Judith Suminwa Tuluka, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu. Mwaka ule ule sisi huku bado tulikuwa tunapeleka barua za mabwana mu dosie.

Kwa nini karatasi haifi

Mu kilimo tulifundishwa sheria ya Liebig: mmea haukui kwa wingi wa mbolea yenye iko, unakua kwa kipimo cha ile yenye imekosekana. Unaweza kumwaga azoti gunia tatu, kama fosfori haiko, mahindi yatakaa mafupi. Nafikiri juu ya hiyo kila mara nasikia watu wakisema, "Sheria ishabadilika, wanawake wanataka nini tena?" Sheria ilikuwa fosfori, na ilikosekana miaka mingi. Leo iko. Sasa kitu kingine njo kimekuwa kifupi: hakuna mtu anaisoma.

Formulaire inazaliwa kwa fotokopi ya formulaire ingine. Yule wa sekretaria aliichukua ku kazi yake ya zamani, mwenye naye aliichukua ku biro ya serikali ya wakati wa sheria ya 1981. Hakuna mwenye aliamua kuonea mtu. Mstari ule unasafiri tu, kama viazi vyenye ugonjwa: unapanda kipande kizuri kwa macho, virusi iko ndani.

Tena kuna vizuizi vyenye havikuandikwaka fasi yoyote. Tangazo la kazi linasema "awe na uwezo wa kukaa kijijini", na mwanaume akilisoma anafikiri barabara, mwanamke akilisoma anafikiri watu watasema nini. Pikipiki ya kazi inapewa wanaume juu "wamama hawajui kuendesha", halafu mwaka ukiisha wanasema mwanamke alitembelea mashamba machache. Mimi nilijifunza pikipiki kwa pesa yangu, mu wiki mbili, mu uwanja wa mpira. Hakuna kode yenye ilinizuia. Hakuna kode yenye ilinisaidia pia.

Yenye ilinipata mwaka huu

Mwaka huu niliwekwa kupokea dosie za wasaidizi wapya. Dada mmoja akafika, amemaliza juzi, maksi zake nzuri kuliko zangu. Mu dosie yake kulikuwa barua ya bwana, imetiwa ata mhuri wa shefu wa mtaa, amelipa pesa kwa ule mhuri. Nilimuuliza nani alimuomba. Akaniambia: "Mama, niliona ku orodha yenu." Orodha yetu. Ile ile, mstari ule ule. Miaka tatu niko mu biro ile na sikuwahi kuusema, juu mimi nilishapita.

Nilimrudishia barua yake. Nikaenda kwa shefu. Akaniambia: "Dada, na kama bwana akija kufanya fujo hapa?" Nikamuonyesha kifungu 448 kipya. Alikisoma, akafurahi: "Unaona? Inasema wasikilizane. Basi barua ni ya lazima." Nikamjibu: "Sawa, shefu. Inasema wote wawili. Tuombe na wanaume wote barua za mabibi yao, kuanzia na wewe." Alinyamaza. Halafu akacheka, akaita sekretaria, mstari ukafutwa.

Sitawadanganya kama vita iliisha. Ku karatasi mstari haupo, lakini nasikia wanauliza kwa mdomo, "Bwana anajua?" Dada yule alipata kazi. Nilimueleza mama, akatikisa kichwa tu, akasema, "Basi yeye hatangojea chini ya redio."

Kwa hiyo, wenzangu, ninawaomba kitu kidogo. Mwenye kutafuta kazi, shika hii nambari: sheria 16/008 ya tarehe 15 mwezi wa 7, mwaka 2016, kifungu 448. Iandike nyuma ya fotokopi ya diploma kama unasahau. Mwenye ameshaingia mu biro, chukua formulaire yenu kesho asubuhi, soma mstari wa mwisho. Na kaka zetu wenye mko mabwana ao mtakuwa: ukiombwa saini ile, usijisifu kama una moyo muzuri, kama vile mimi nilifurahi. Uliza kwanza kwa nini wanaiomba. Na kama bibi yako ameleta karatasi yoyote yenye inahitaji jibu lako, usiiweke chini ya redio.